Mpita Njia Hadaiwi
Hotuba kwa wabunifu kuhusu mafunzo ya ukutani, jukwaani na kwenye skrini

Ndugu wabunifu, walimu wetu, na ninyi vijana mliojibana kule nyuma karibu na mlango,

Tumeombwa tuseme msukumo wa ubunifu unapatikana wapi: kwenye michoro ya kuta, kwenye maonyesho ya jukwaani na ya barabarani, na kwenye kazi za kidijitali. Tuanze na neno litakalowaudhi baadhi yenu. Kutazama vitu vizuri hakumfanyi mtu mbunifu. Ukipiga picha elfu mbili za kuta utakuwa na simu iliyojaa, basi. Faida huja pale unapoitazama kazi ya mwenzako ukajiuliza: huyu alibanwa na nini hata akafanya hivi?

Maana fani hizi tatu, ukizivua mapambo, zote zinahangaika na mtu mmoja, naye ni mpita njia. Hakulipa kiingilio. Hakutoka kwake kwa ajili yako. Ana safari yake na mawazo yake, na hadaiwi kitu. Mchoraji wa ukutani humpata kwa muda wa kukatiza mbele ya jengo. Mtumbuizaji wa barabarani humpata akiwa na mzigo mkononi. Mbunifu wa programu ya simu humpata kwenye foleni, kidole gumba kimoja kikifanya kazi, jua limepiga kioo. Ndiyo sababu dawa iliyopatikana kwa mmoja mara nyingi huwafaa wengine. Lakini kinachosafiri ni dawa. Sura ya nje haisafiri. Chukua rangi zinazochuruzika na herufi za grafiti uzibandike kwenye ukurasa wa kulipia bili, uone kama kuna atakayekuamini na pesa zake.

Twende ukutani kwanza.

Kati ya 1980 na 1985, msanii wa Marekani Keith Haring alichora kwa chaki nyeupe juu ya karatasi nyeusi zilizofunika nafasi tupu za matangazo katika vituo vya treni za chini ya ardhi mjini New York. Jiwekeni mahali pake. Chaki haina kurudi nyuma: ukifuta, unaacha doa la kijivu. Treni zinaingia na kutoka. Askari anaweza kutokea wakati wowote, na Haring alikamatwa zaidi ya mara moja. Katika hali hiyo hakuna nafasi ya kivuli wala ya kunyoosha kosa, ndipo kinabaki kile kilichomtambulisha: mstari mmoja mnene unaozunguka umbo na kurudi ulikoanzia. Wanaoiga vijitu vyake vinavyocheza ni wengi. Wanaojizoeza kuchora jambo lisilohitaji kufutwa ni wachache, ingawa hilo ndilo lililokuwa na thamani.

Stensili, yaani karatasi iliyokatwa umbo ili rangi ipulizwe kupitia matundu yake, ni jibu jingine kwa tatizo lilelile la muda. Msanii wa Ufaransa, Blek le Rat, alianza kupuliza panya wake kwenye kuta za Paris mwaka 1981, na tangu hapo mbinu hiyo imeenea dunia nzima kwa sababu moja rahisi: inaihamisha kazi. Unakaa mezani kwa muda wa saa sita ukikata, kisha unasimama ukutani dakika mbili. Ila stensili ina masharti yake. Kata herufi O kwenye karatasi na tumbo lake linaanguka sakafuni. Kata A, kile kipembetatu kinadondoka. Ili visidondoke, lazima uache vidaraja vinavyokiunganisha kipande cha ndani na karatasi ya nje. Kwa stensili ya ukubwa wa A4, kidaraja kiwe na upana wa milimita 3 hadi 5; chembamba zaidi hukatika siku ya kwanza unapobandua. Sasa, fundi mchanga huweka vidaraja popote, na uso wa mtu unaonekana kama umeshonwa. Fundi aliyekomaa hukipitisha kidaraja pale ambapo mwanga ungeangukia: kwenye mgongo wa pua, kwenye mkunjo wa shati, juu ya mdomo wa chini. Mtazamaji haoni kidaraja, anaona mng'ao.

Atakayejaribu atumie karatasi ngumu ya gramu 200 hadi 300 kwa mita ya mraba, au plastiki nyembamba. Akate vitundu vidogo kwanza na vikubwa mwisho, kwa sababu kila kipande kinachotoka kinailegeza karatasi. Wembe ubadilishwe kabla haujaanza kurarua. Kopo lishikwe kama sentimita 20 kutoka kwenye karatasi, likiutazama ukuta uso kwa uso. Ukipuliza kimshazari, rangi inajipenyeza chini ya ukingo. Na zipite tabaka mbili nyembamba, ya kwanza ikipewa dakika chache ikauke. Asiye na subira hupuliza moja nzito, rangi inakusanyika, inateleza chini ya karatasi, na ukingo uliokatwa kwa saa sita unageuka ukungu. Barakoa iwe ile yenye vichujio vya mvuke, maana ya kitambaa haizuii chochote hapo.

Mbunifu wa nembo anaondoka na nini? Anaondoka na swali la kuiuliza kila nembo: ningeikata kwenye karatasi, kingeanguka nini? Nembo inayojibu vizuri itakatwa kwenye bati, itachomwa kwenye mbao, itapulizwa kwenye sanduku la mizigo, na haitapotea hata ikichapwa kwa rangi moja.

Tukae kidogo kwenye suala la ukubwa, kwa sababu hapa kuna mbinu ambayo tunadhani ndiyo yenye utajiri zaidi katika mada nzima. Mtu aliyesimama hatua moja kutoka ukutani huchoraje uso wenye urefu wa mita nane bila jicho kuhamia kwenye sikio? Njia ya kale ni kuugawa mchoro katika miraba, kuugawa ukuta katika miraba hiyohiyo kwa ukubwa, kisha kunakili mraba kwa mraba. Inafanya kazi, ila ina balaa lake: miraba yote inafanana. Ukiwa juu ya jukwaa la kupandia, pua yako iko sentimita 60 kutoka kwenye plasta na huwezi kuona kuwa uko safu ya saba badala ya nane. Unagundua ukishuka, na kidevu kimeshakuwa shingo.

Ndipo wachoraji wengi siku hizi wakaacha miraba wakashika mikwaruzo. Unaupaka ukuta rangi ya msingi, kisha unaujaza ovyo: herufi, namba, nyota, duara, samaki, nyoka, mshale, alama yoyote inayokuja kichwani, kila moja tofauti na jirani yake, zikiachana kama urefu wa mkono. Unarudi nyuma, unapiga picha ya ukuta wote. Kwenye simu au kishikwambi unaiweka picha hiyo chini na mchoro wako juu yake, ukiufifisha mchoro hadi mikwaruzo ionekane kupitia kwake. Sasa kila sehemu ya uso ina anwani. Kona ya jicho inagusa mkia wa samaki. Tundu la pua liko kati ya namba 4 na nyota yenye miguu mitano. Unapanda, unamtafuta samaki, unaweka kona ya jicho.

Yanayoharibika hapa ni matatu, na yote yanazuilika. La kwanza ni picha iliyopigwa kutoka upande au kutoka chini sana: ukuta unakuwa mwembamba juu, na uso utakaochorwa utavimba paji. Simama katikati, rudi nyuma kadiri uwezavyo, na usitumie lenzi pana ya simu kwa sababu inapinda kingo. La pili ni mikwaruzo iliyorudiwa. Ukiweka samaki wawili, umeshajitegea mwenyewe. La tatu ni rangi ya mikwaruzo. Nyeusi au nyekundu iliyokolea chini ya shavu la rangi hafifu itajitokeza hata baada ya mikono mitatu ya rangi, kama mzimu. Chagua rangi iliyo karibu na ile itakayoifunika.

Sasa mpelekeni samaki huyo kwenye skrini. Ni kurasa ngapi za wavuti ambazo ni miraba mitupu: kadi kumi na mbili zenye upana mmoja, picha za ukubwa mmoja, vivuli vya aina moja? Ziko nadhifu, na mtu anapotea ndani yake kama mchoraji juu ya jukwaa. Akirudi kesho yake kutafuta alichokiona, hana alama ya kushika. Mpe samaki: picha moja inayovunja safu, kichwa kimoja chenye rangi yake, nafasi tupu mahali asipoitarajia. Kasoro iliyowekwa kwa makusudi ndiyo inayomwambia mtu yuko wapi.

Kabla hatujaondoka ukutani, mtajeni JR, msanii wa Ufaransa ambaye mwaka 2009 alifunika mapaa ya Kibera, Nairobi, kwa picha kubwa za macho na nyuso za wanawake wa hapo, jumla ya mita za mraba zipatazo 2,000. Picha zilichapwa kwenye turubai lisilopenya maji, hivyo mvua ilipokuja picha ilikuwa pia paa. Halafu yakabandikwa macho kwenye mabehewa ya treni, na nusu ya chini ya nyuso kwenye mteremko ulio chini ya reli: treni ikipita, nyuso zinakamilika, ikiondoka zinavunjika. Tazameni hapo kitu kimoja kilivyopewa kazi mbili. Kwenye skrini, ile alama ya kusubiri inayozunguka bure inaweza kumwonyesha mtu sehemu iliyokwisha kupakuliwa. Kitu kilichopo tayari kinabeba kazi ya pili, na hukuongeza uzito.

Jukwaani tutaangalia mambo mawili tu: mkono wa mwigizaji bubu, yule anayeigiza bila kusema, na kofia ambayo mtumbuizaji wa barabarani huizungusha kuchangisha pesa.

Mwigizaji bubu anapokuonyesha ukuta usiokuwepo, mwanagenzi hudhani siri iko kwenye kiganja kilichobanwa. Siyo. Siri iko kwenye mkono kabla haujafika. Unakuja ukiwa mlegevu, vidole vimejikunja kidogo. Ghafla, pale ukuta unapopaswa kuwa, kiganja kinakuwa bapa na vidole vinanyooka kwa mpigo mmoja. Kisha mkono hausogei tena, hata mwili ukisogea. Ukiondoka, unalegea. Ukuta unaonekana kwa sababu ya ule mgeuko kutoka ulegevu kuwa ugumu. Mwanagenzi akija na kiganja kigumu tangu mwanzo, hakuna ukuta, kuna mtu anayepunga mikono. Kosa lake la pili ni kuuacha mkono uteleze wakati anapiga hatua, hapo ukuta umetembea.

Kitufe cha kwenye simu ni ukuta usiokuwepo vilevile. Kioo ni bapa, hakuna kinachobonyea. Kinachomfanya mtu aamini amebonyeza ni ule mgeuko: kitufe kilichotulia, kikaguswa, kikabadilika papo hapo. Papo hapo maana yake ni ndani ya sekunde 0.1, kwa kiwango hicho mtu huhisi ni yeye aliyesababisha. Ikikaribia sekunde 1, bado anafuata lakini ameona kuchelewa. Ikipita sekunde 10, ameshakwenda kufanya jambo jingine. Na mwendo wenyewe wa kitu kwenye skrini uwe wa milisekunde 200 hadi 300 hivi. Wabunifu wageni huweka sekunde nzima kwa sababu mara ya kwanza inapendeza. Hawafikirii mara ya mia.

Waigizaji wa kabuki, tamthilia ya jadi ya Japani, wana jambo linaloitwa mie: mchezo unapofika kileleni, mwigizaji anaganda katika pozi kali, na anayekaa pembeni anagonga vipande vya mbao juu ya ubao. Mkazo unapatikana kwa kusimama. Skrini ambayo kila kitu kinatikisika haina mahali pa kukaza neno. Ukitaka jambo moja lionekane, vitulize vingine vyote.

Sasa kofia. Onyesho la mduara barabarani lina mpangilio ambao watumbuizaji wameufikia kwa njaa. Kwanza mstari wa mbele: kamba au chaki chini, kwa sababu mtu hajui asimame wapi hadi aone mpaka. Kisha watu watano wa kwanza, wasogezwe karibu kabisa na mstari, wakae au wachuchumae. Wakiachwa mbali, duara linakuwa pana, kicheko kinatawanyika hewani na wa nyuma hawaoni. Kisha ahadi: ule mwenge, ile ngazi, chochote kitakachotumika mwisho, kinawekwa mahali kinapoonekana na hakiguswi. Kisha kazi ndogondogo, duara likinenepa. Na maneno ya kofia husemwa kabla ya tukio la mwisho. Kwa nini? Kwa sababu tukio likiisha, makofi yakilia, watu wanageuka na kutawanyika kwa sekunde chache. Ukianza kueleza kofia wakati huo unaongea na migongo.

Wabunifu wa kidijitali wameisikia sehemu ya kofia tu. Ndiyo sababu unafungua programu mpya na kabla hujaona chochote inadai namba ya simu, barua pepe na ruhusa ya kukutumia taarifa. Hiyo ni kuzungusha kofia mtaa ukiwa mtupu. Fuateni mpangilio mzima: mpaka ulio wazi, ahadi inayoonekana, kazi ndogo anayoifanya mtu mwenyewe na kufaulu, ndipo ombi, na mara baada ya ombi lile tukio lililoahidiwa. Asiyelitimiza hatapata duara kesho kwenye kona ileile.

Tuje kwenye skrini yenyewe, kwa sababu nayo ina wazee wake. Aikoni, yaani vile vijipicha vya kubofya, za kompyuta ya Macintosh ya mwaka 1984 zilibuniwa na Susan Kare, ambaye alianza kwa kujaza vijiraba kwenye daftari la miraba: 32 kwa 32, kila kijiraba ama cheusi ama cheupe. Mwaka 1999 Shigetaka Kurita alibuni emoji 176 kwa ajili ya simu za Japani katika miraba 12 kwa 12. Yaani vijiraba 144 vitoshe kuonyesha uso, mvua na moyo. Hilo ni banio kali kuliko la chaki ya Haring, na linatibiwa vilevile: unaamua ni kipi kisichoweza kuondoka.

Jaribio tunalolipendekeza kuliko yote linaunganisha kuta na skrini. Tafuta mchoro wa ukutani uliokushika. Simama kama mita 20 kutoka kwake, fumba macho nusu, na utazame kinachobaki. Mara nyingi ni maumbo matatu au manne. Yachore hayo peke yake katika miraba 16 kwa 16, rangi mbili. Una vijiraba 256. Jicho la mhusika likipotea, likuze kupita kiasi cha kweli. Mkono ukichanganyikana na mwili, acha safu moja ya vijiraba vyeupe kati yake, kile kidaraja cha stensili kikirudi kwa jina jingine. Weka mchoro huo ukutani hatua tano mbali na umwulize mtu asiyejua anaona nini. Msimweleze kwanza! Akikosea, usibishane naye, badili vijiraba. Atakapopatia, nenda 32 kwa 32 na uongeze jambo moja tu.

Wapo watakaoona uvivu bora kuliko kalamu: watachukua picha na kuiamuru programu iipunguze hadi 16 kwa 16. Watapata tope. Programu huchukua wastani wa rangi za jirani, hivyo jicho jeusi na kope nyeupe vinazaa kijivu. Wastani hauwezi kuchagua.

Kuhusu rangi tutasema machache. Ukichuma rangi kutoka kwenye picha ya ukuta, kumbuka simu imeshairekebisha bila kukuuliza, na jua la jioni limeshaichoma. Weka karatasi nyeupe ndani ya picha, piga kwenye kivuli chenye mwanga wa kutosha, uchume sehemu tano za rangi moja badala ya moja. Baki na rangi tano. Kisha zipime kwa maandishi: mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa wavuti, WCAG, unataka uwiano wa mwanga kati ya maandishi na rangi iliyo nyuma yake usiopungua 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida, na 3 kwa 1 kwa makubwa. Maandishi meupe juu ya ile rangi ya machungwa mnayoipenda hayafiki hata 3. Ukutani yanasomeka kwa sababu herufi ina urefu wa mita moja.

Mwisho ni haki za mwenye kazi, na hapa tutakuwa wakali. Mchoro kuwa nje hakuufanyi kuwa wa bure. Wachoraji wa 5Pointz, jengo la Queens, New York, walikuwa wamechora kwa ruhusa ya mwenye jengo. Mwaka 2013 kazi zao zikapakwa chokaa usiku, na mwaka 2018 mahakama ikaamuru wasanii 21 walipwe dola milioni 6.75. Sheria ya kupiga picha na kuitumia kibiashara hubadilika kutoka nchi hadi nchi, kwa hiyo iulizwe kabla ya kuchapa, si baada. Kuchukua mbinu ya kidaraja hakudai ruhusa ya mtu. Kuchukua sura aliyoichora mtu kunadai. Ukisimama mbele ya ukuta, jambo la kwanza la kuandika daftarini ni jina lililo kwenye kona ya chini, kwa sababu hiyo kona ndiyo inayorushiwa matope na kufutika kabla ya mchoro. Chini yake andika mistari mitatu: alibanwa na nini, alijibu vipi, na mimi nabanwa na hilohilo wapi. Mstari wa tatu ukikosa jibu, usilazimishe, geuza ukurasa.

Karatasi za miraba 16 kwa 16 ziko pale mezani pamoja na kalamu nyeusi. Vifutio tumeviacha nyumbani. Chukueni mbili kila mmoja, tuna dakika 20.